Kuvunja Neno Refu: Silabi, Mkazo na Mofimu za Maneno ya Kigeni katika Historia ya Kiswahili cha Bunia

1.0 Utangulizi

Katika jina rasmi la nchi ambamo mji wa Bunia umo, yaani Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, limo neno moja refu ambalo mwanafunzi wa Bunia hukutana nalo katika lugha tatu. Darasani hulisikia kwa Kifaransa, démocratique, nalo hubeba uzito wake mwishoni kabisa. Katika somo la Kiingereza hufundishwa kuwa democrat hutiwa mkazo katika silabi ya kwanza, democracy katika silabi ya pili, na democratic katika silabi ya tatu, ingawa mzizi ni ule ule. Katika Kiswahili cha vitabu na cha redio husoma na kusikia demokrasia, na mkazo hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Hata kiambishi kikiongezwa mbele, tukapata kidemokrasia, mkazo hausogei.

Mwanafunzi huyo anapolitamka neno la Kiingereza kwa mkazo wa Kiswahili, au neno la Kiswahili kwa mkazo wa Kifaransa, aghalabu huambiwa kuwa anavunja lugha. Lawama hii si ngeni. Kingwana, jina ambalo Kiswahili cha Kongo kimepewa kwa muda mrefu, kilihesabiwa na waandishi wengi wa enzi ya ukoloni kuwa ni Kiswahili kilichoharibika. Makala haya yanakusudia kulitazama suala hilo kwa jicho la historia. Hoja yetu ni kwamba neno refu la kigeni lilipofika Bunia lilivunjwa kweli, lakini lilivunjwa kwa kanuni. Na kwamba vipande tunavyoviona leo hutuonyesha njia ambayo neno lilipita, ikiwa ni ya pwani, ya Kifaransa kutoka magharibi, au ya Kiingereza kutoka mashariki. Mwishoni tutaeleza kwa nini jambo hili linamhusu mwalimu wa lugha na mfasiri, na si mwanahistoria peke yake.

Katika mifano ifuatayo, kistari kitatenganisha silabi, herufi kubwa zitaonyesha silabi yenye mkazo, na alama ya kujumlisha itatenganisha mofimu.

2.0 Njia Tatu za Kufikia Bunia

2.1 Njia ya Waungwana

Kiswahili hakikuzaliwa Ituri, kililetwa. Katika miaka ya 1870 na 1880, wafanyabiashara wa pwani na wafuasi wao, aliye mashuhuri zaidi miongoni mwao akiwa Hamed bin Muhammad el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, walikuwa na vituo huko Nyangwe na Kasongo, kisha wakaufuata mto Lualaba kuelekea kaskazini. Wengine waliingia katika msitu wa Ituri wakitafuta pembe za ndovu na watumwa. Stanley alipoupita msitu huo mwaka 1887 akimtafuta Emin Pasha, alizikuta kambi za Ugarrowwa na Kilonga-Longa, watu waliokuwa na uhusiano na biashara hiyo ya pwani. Wafuasi wa misafara hiyo walijiita Waungwana, na lugha yao ikaitwa Kingwana. Vita vya miaka 1892 hadi 1894 viliwaondolea wafanyabiashara hao mamlaka yao, lakini havikuiondoa lugha.

Jambo la kuzingatia ni kwamba lugha hiyo ilifika ikiwa na maneno ya Kiarabu ambayo tayari yalikwisha kuvunjwa na kuungwa upya na watu wa pwani. Mtu wa Ituri aliyejifunza kitabu au alfajiri hakujifunza Kiarabu. Alipokea neno la Kiswahili lililokwisha kamilika.

2.2 Njia ya magharibi

Mwaka 1903 dhahabu ilipatikana katika eneo la Kilo, na mwaka 1908 Kongo ikawa koloni la Ubelgiji. Kampuni ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto iliyoundwa mwaka 1926 iliwakusanya wafanyakazi wa lugha mbalimbali: Walendu, Wangiti, Wahema, Wabira, Waalur na wengineo. Kifaransa kilikuwa lugha ya ofisi, Lingala ilikuwa lugha ya jeshi la koloni, na Kiswahili kikawa chombo cha kuwaunganisha watu katika kazi, soko na kanisa. Maneno ya utawala yaliingia katika Kiswahili hicho kutoka katika kinywa cha Kifaransa: leta kwa maana ya serikali, biro kwa maana ya ofisi, kamyo kwa maana ya lori.

2.3 Njia ya mashariki

Njia ya tatu ilitoka upande wa Ziwa Albert na mpaka wa Uganda. Wamisionari wa Africa Inland Mission, wengi wao Wamarekani waliokuwa na uzoefu wa Kenya, waliingia Kongo mwaka 1912 kupitia eneo la Mahagi. Walikuja na Kiingereza kama lugha yao na Kiswahili kama lugha ya kazi yao. Upande mwingine wa msitu, C. T. Studd, Mwingereza aliyefariki Ibambi mwaka 1931, alitafsiri Agano Jipya katika Kingwana. John Whitehead na L. F. Whitehead walichapisha Wayika, mwaka 1928, mwongozo wa Kingwana ulioandikwa kwa Kifaransa. Yaani Waingereza waliwafafanulia wasomaji wa Kifaransa lugha ya Kibantu iliyobeba maneno ya Kiarabu! Kitabu hicho peke yake kinatosha kuonyesha jinsi njia hizi zilivyopishana.

Mwaka huo huo wa 1928, mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha iliyozihusisha Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Kongo haikuwamo. Kwa hiyo maneno ya Kiingereza yaliyotoholewa na kuingizwa katika kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 yalisanifiwa mashariki ya mpaka, ilhali magharibi ya mpaka neno lile lile la Kilatini lilikuwa likiingia kwa sauti za Kifaransa. Bunia ilikaa kati ya milango miwili.

Mlango wa mashariki haukufungwa baadaye. Kati ya mwaka 1998 na 2003 majeshi ya Uganda, ambamo Kiswahili hutumika, yalikuwamo Ituri. Mwaka 2003 walifika askari wa Umoja wa Mataifa na wa Umoja wa Ulaya pamoja na mashirika mengi ya misaada, na mwaka 2022 Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo shughuli zake nyingi huendeshwa kwa Kiingereza. Hata vifupisho vya majina vilikutana: shirika lisilo la kiserikali husomwa kwa herufi za Kifaransa, o-en-je, na mgeni kutoka Kampala au Nairobi hulisoma kwa herufi za Kiingereza, en-ji-o. Ni kitu kimoja, silabi ni tatu pande zote mbili, na kila upande huona kuwa mwenzake amelipindua.

3.0 Silabi: Kulifungua Neno

Kanuni ya kwanza ya kulivunja neno la kigeni katika Kiswahili inafahamika: silabi hupenda kuishia na irabu. Driver likawa dereva, kwa kupachika irabu kati ya konsonanti mbili za mwanzo na kuiacha irabu mwishoni. Ticket likawa tiketi. Bicycle, ambalo kwa Kiingereza lina silabi tatu na ya mwisho haina irabu inayosikika, likawa baiskeli. Katika mashariki ya Kongo chombo hicho hicho huitwa kinga, neno linalotumika pia katika Lingala. Hapo neno la Kiingereza halikupata nafasi kabisa.

Kiswahili cha pwani, hata hivyo, hakikuifuata kanuni hiyo hadi mwisho. Katika maneno kama mtu na mti, konsonanti m husimama peke yake kama silabi, na katika maneno hayo mafupi hata mkazo huiangukia: M-tu, M-ti. Katika Kiswahili cha Kongo husikika zaidi mutu na muti. Msemaji wa Kongo ameirudisha irabu ambayo pwani iliipoteza. Kwa kipimo hiki, lugha iliyolaumiwa kuwa imevunjika imeihifadhi silabi ya Kibantu kwa uaminifu zaidi kuliko ile inayoitwa safi.

Jambo hili linavutia zaidi tukikumbuka majirani wa Kiswahili cha Bunia. Kilendu, lugha ya jamii ya Sudani ya Kati, kinajulikana miongoni mwa wataalamu wa fonolojia kwa kuwa na silabi zisizo na irabu, ambamo konsonanti yenyewe huimbwa na kubeba toni. Constance Kutsch Lojenga aliliandikia jambo hilo makala maalumu mwaka 1989. Kwa hiyo mtoto wa Bunia ambaye nyumbani husema Kilendu hana sababu ya kushangazwa na silabi ya mwisho ya maneno ya Kiingereza kama bottle au button, ambayo nayo haina irabu ya kweli. Anapoigeuza silabi hiyo kuwa -oli au -oni, ulimi wake haujashindwa. Ameingia katika Kiswahili, na katika Kiswahili mlango wa silabi huachwa wazi.

4.0 Mkazo: Njia Mbili Zinazokutana

Kanuni ya pili ni ya mkazo. Kiswahili huhesabu kutoka mwisho na kuuweka mkazo katika silabi ya pili. Vighairi ni vichache, na kila mwanafunzi wa isimu hufundishwa mfano wa ba-ra-BA-ra, njia kuu, na ba-RA-ba-ra, sawasawa. Kwa kuwa kanuni ni moja, tungetarajia kuwa maneno ya Kifaransa na ya Kiingereza yangetendewa vivyo hivyo. Yalitendewa vivyo hivyo, lakini kwa sababu yalitoka mahali tofauti, safari ya mkazo ikawa tofauti.

Kifaransa huweka uzito wake mwishoni mwa neno au mwishoni mwa kundi la maneno. Neno la Kifaransa likiishia na irabu, Kiswahili hakina haja ya kuongeza kitu, na mkazo hulazimika kurudi nyuma hatua moja: bu-REAU likawa BI-ro, ca-MION likapoteza sauti ya puani na kuwa KA-myo, l'É-TAT likawa LE-ta. Neno likiishia na konsonanti, irabu huongezwa, na mkazo hubaki pale pale ulipokuwa: hô-pi-TAL likawa o-pi-TA-li, au lo-pi-TA-li.

Kiingereza hupenda kuuweka mkazo karibu na mwanzo katika majina mengi, na silabi zinazoufuata hulegezwa hata irabu zake zikakaribia kutosikika. Neno kama hilo likiishia na konsonanti, Kiswahili huongeza irabu, na kwa kufanya hivyo huusukuma mkazo mbele: TI-cket likawa ti-KE-ti, EN-gine likawa in-JI-ni, STA-tion likawa ste-SHE-ni, HOS-pi-tal likawa hos-pi-TA-li. Neno likiishia na -er au -or, ambalo Kiswahili hulisikia kama -a, hakuna irabu ya kuongeza. Ndipo mkazo huweza kubaki mahali pake, kama katika de-RE-va na DOK-ta.

Tuangalie sasa hospitali na opitali. Kwa sikio la leo maneno haya mawili yanafanana sana, na mtu angeweza kudhani kuwa moja ni makosa ya jingine. Kihistoria ni maneno mawili. La Kifaransa lilifika bila ya kuuhamisha mkazo wake hata hatua moja. La Kiingereza liliuhamisha mkazo kutoka silabi ya kwanza hadi ya tatu. Yalianza safari katika ncha mbili yakakutana katika silabi moja, -ta-. Polisi ni mfano wa tatu: po-LICE hutiwa mkazo mwishoni katika lugha zote mbili, irabu huongezwa, na neno hilo haliwezi tena kutuambia kwa sauti yake peke yake lilipitia mlango upi.

Kuna jambo jingine la kuzingatia. Katika ste-SHE-ni na hos-pi-TA-li, mkazo wa Kiswahili huangukia ile ile silabi ambayo Kiingereza huimeza. Silabi hiyo katika Kiingereza haina irabu kamili. Kiswahili, ambacho hakijui irabu iliyolegea, ni lazima kiipe irabu halisi. Kiipe ipi? Katika hospitali, irabu a ilichukuliwa kutoka katika maandishi. Katika stesheni, pensheni na misheni, irabu e haimo katika maandishi ya Kiingereza. Ilichukuliwa kwa sikio. Hivyo baadhi ya maneno yaliingia kwa jicho na mengine kwa sikio, na mara nyingi irabu hiyo moja hutuonyesha jinsi wasemaji walivyolipokea neno.

5.0 Mofimu: Kilichomezwa na Kilichokatwa

Kanuni ya tatu haihusu sauti bali sehemu za neno zenye maana. Msemaji anapolisikia neno geni haoni mipaka ya mofimu zake. Huweza kuimeza mofimu ambayo haikuwa sehemu ya neno, au kuikata sehemu ya neno akidhani kuwa ni mofimu.

Mfano wa kumeza ni wa zamani. Katika alfajiri na alasiri kimo kibainishi cha Kiarabu al, ambacho mtu wa pwani alikimeza pamoja na nomino. Karne nyingi baadaye, katika Kongo, jambo lile lile lilitokea kwa Kifaransa: katika leta kimo kibainishi cha Kifaransa kilichogandamana na neno la serikali, na katika lopitali kimo kile kile. Wasemaji wa Kongo hawakuiga alfajiri walipounda leta. Mazingira yale yale yaliwafikisha pale pale. Kiingereza hakikuacha kibainishi chake, lakini kiliacha alama yake ya wingi: soksi na chipsi hubeba s ya wingi wa Kiingereza, ambayo katika Kiswahili haina tena kazi yoyote.

Mfano wa kukata nao unajulikana. Kitab la Kiarabu lilikuwa na ki kama sehemu ya mzizi. Kiswahili kiliikata, kikapata ki+tabu, na wingi wake vi+tabu. Club la Kiingereza lilipofunguliwa kwa irabu likawa kilabu, na mara wingi wake ukawa vilabu. Alama ya barabarani iliyowaamuru madereva washike kushoto ilizaa kiplefti, wingi viplefti, katika nchi zilizotawaliwa na Mwingereza. Madigadi, kutokana na jina la Kiingereza la bati la kuzuia matope, lilichukuliwa kuwa wingi, na umoja wake ukawa digadi. Neno kama kiplefti lisingeweza kuzaliwa Bunia, kwa sababu huko magari hushika kulia na amri za barabarani ziliandikwa kwa Kifaransa. Mofimu nazo zina jiografia yake.

Kwamba mipaka ya mofimu huonekana kwa namna nyingi machoni mwa wenye lugha wenyewe kunathibitishwa pia na maandishi. Historia ya mji wa Elisabethville iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa Kiswahili cha Katanga, na kuchapishwa upya na Johannes Fabian mwaka 1990, hutenganisha na kuunganisha viambishi kwa namna ambayo kanuni sanifu isingekubali. Katanga si Ituri, lakini hali ni moja: watu wameandika Kiswahili bila ya kufundishwa mahali pa kukikata. Semina ya wanaisimu wa Zaire iliyofanyika Lubumbashi mwaka 1974 ilishughulikia tahajia ya lugha za taifa, lakini kanuni haziwi tabia mpaka zifundishwe.

6.0 Neno Refu Darasani

Mpaka hapa tumelifuata neno likiingia katika Kiswahili. Sasa tumfuate mwanafunzi anayekwenda upande wa pili, yaani anayekabiliana na neno refu ndani ya Kiingereza chenyewe. Katika Bunia wanafunzi wa namna hiyo ni wengi. Chuo cha theolojia kilichoanzia Banjwade mwaka 1961 na baadaye kuhamia Bunia, ambacho tangu mwaka 2007 ni Université Shalom de Bunia, hufundisha kwa Kifaransa, lakini sehemu kubwa ya maandiko ya taaluma hiyo duniani ni ya Kiingereza. Ndivyo ilivyo pia kwa taaluma nyingine.

Ni vyema mwanafunzi huyo ajue kwanza kwamba wenye Kiingereza wenyewe hawakukubaliana jinsi ya kuyavunja maneno yao. Noah Webster, katika kitabu chake cha tahajia cha mwaka 1783, aliwafundisha Wamarekani kukata neno kwa kufuata matamshi. Wachapaji wa Uingereza walielekea zaidi kukata kwa kufuata asili na sehemu za neno. Hivyo neno lenye maana ya elimu hukatwa knowl-edge Marekani na know-ledge Uingereza. Wa kwanza hufuata silabi, wa pili hufuata mofimu. Swali la Bunia ni swali la London pia.

Mwanafunzi anayejua Kiswahili amekwisha kukutana na tofauti hiyo bila ya kuambiwa. Achukue kitenzi walipokutanishwa. Kwa silabi ni wa-li-po-ku-ta-NI-shwa, silabi saba. Kwa mofimu ni wa+li+po+kut+an+ish+w+a, mofimu nane. Vipande vitatu vya mwanzo hulingana. Kuanzia mzizi, mipaka ya sauti na mipaka ya maana huachana. Alinganishe na internationalization: kwa silabi ni in-ter-na-tion-al-i-ZA-tion, silabi nane, kwa mofimu ni inter+nation+al+iz+ation, mofimu tano. Yule aliyezoea kuuona mzizi -kut- katikati ya mlolongo wa viambishi anao ujuzi unaotakiwa kuuona mzizi nation mahali pake.

Hata katika mkazo zipo kanuni mbili zinazofanana. Katika Kiswahili, kiambishi awali hakiuhamishi mkazo: SO-ma, ku-SO-ma, wa-na-SO-ma. Kiambishi tamati huuhamisha: so-ME-sha, so-me-SHA-na, NYUM-ba, nyum-BA-ni. Kiingereza nacho, kwa sehemu kubwa, huuacha mkazo mahali pake kiambishi kinapokuja mbele, na huuhamisha viambishi fulani vinapokuja nyuma. Tofauti ni ya namna ya kuhamisha. Kiswahili huhesabu tu. Hakiulizi kiambishi ni kipi. Kiingereza huuliza. Mbele ya -tion na -ic mkazo hukaa katika silabi inayotangulia kiambishi: e-du-CA-tion, dem-o-CRAT-ic. Mbele ya -ity na -logy pia hukaa katika silabi inayotangulia: u-ni-VERS-ity, the-O-logy. Viambishi vingine, kama -ness na -ly, haviugusi kabisa. Kwa hiyo badala ya kumlazimisha mwanafunzi kukariri mkazo wa kila neno, mwalimu angeweza kumfundisha familia za viambishi tamati.

Jambo moja tu ndilo geni kabisa, nalo ni kulegea kwa irabu. Katika Kiingereza, mkazo ukihama, irabu iliyokuwa imelala huamka na iliyokuwa macho hulala. Katika DEM-o-crat, irabu o haisikiki vizuri; katika de-MOC-ra-cy imeamka, na e ya mwanzo imelala. Kiswahili hakina jambo hilo. Kila irabu hutamkwa kamili, iwe na mkazo au isiwe nao. Lugha za toni kama Kingiti, ambacho Kutsch Lojenga alikiandikia sarufi kubwa mwaka 1994, humpa msemaji wake sikio kali la kutambua juu na chini ya sauti, lakini kutambua toni si kulegeza irabu. Hapo ndipo saa za mwalimu zingetumika kwa faida. Mwanafunzi anayetamka irabu zote kwa ukamilifu hana uvivu wala uzito wa ulimi. Anafuata uadilifu wa Kiswahili mahali ambapo Kiingereza hakiudai.

7.0 Neno Refu Mahakamani

Yaliyotangulia huenda yakaonekana kuwa mambo ya ubao na chaki. Historia ya karibuni ya Ituri inaonyesha kuwa si hivyo. Kesi ya kwanza kabisa kusikilizwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, iliyo The Hague, ilihusu Ituri. Thomas Lubanga Dyilo alianza kusikilizwa mwezi wa Januari 2009, akatiwa hatiani tarehe 14 Machi 2012, na kuhukumiwa kifungo cha miaka 14. Lugha za kazi za Mahakama hiyo ni Kiingereza na Kifaransa, na maneno ya mashahidi waliozungumza Kiswahili yalilazimika kupita kwa wakalimani.

Mashtaka yalihusu watoto walio chini ya miaka 15: kuwapokea jeshini, kuwaingiza jeshini kwa nguvu, na kuwatumia vitani. Kiingereza hutenganisha matendo mawili ya kwanza kwa vitenzi viwili, enlist na conscript. Maneno ya namna hii hayawezi kutoholewa kwa sauti tu. Kuyafungua silabi na kuyatia mkazo wa pili kutoka mwisho kungezaa maneno ambayo shahidi wa kijijini hangeyaelewa. Njia iliyopo ni kuyavunja kwa mofimu na kuyajenga upya kwa mofimu za Kiswahili. Kitenzi kuandikisha, yaani ku+andik+ish+a, kinakaribia kufanya kazi ya enlist, neno ambalo nalo ndani yake mna orodha ya majina. Lakini kiambishi -ish- huweza kubeba maana ya kusababisha na pia ya kulazimisha. Mtu akisema waliniandikisha, hatujui bado kama alitaka au hakutaka. Ili kuitenganisha maana ya pili ni lazima kuongeza neno: waliniandikisha kwa nguvu. Mkalimani asiyejua kuwa kiambishi hicho kina nyuso mbili anaweza kuliacha swali la hiari likapotea katikati ya silabi mbili, na pale lililopotea ndipo sheria huanza kuuliza.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba maneno marefu ya kigeni katika Kiswahili cha Bunia yamevunjwa kwa kanuni tatu: kuifungua silabi, kuuweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, na kuzipanga upya mofimu. Kanuni hizo ni zile zile za pwani. Kilichotofautisha matokeo ni njia. Mkazo wa Kifaransa uliporudi nyuma na mkazo wa Kiingereza uliposukumwa mbele, vilikutana mahali pamoja. Na neno kama opitali si hospitali iliyoharibika, kama ambavyo stesheni si station iliyoharibika.

Kwa utafiti, jambo linalotakiwa ni kukusanya msamiati wa Bunia na wa wilaya za jirani, kutoka Mahagi na Aru hadi Irumu, na kuandika kwa kila neno silabi zake, mkazo wake na kiambishi chake cha wingi. Nico Nassenstein na Gerrit Dimmendaal wamekwisha kuchapisha uchunguzi juu ya Kiswahili cha Bunia; kazi hiyo inastahili kuendelezwa na wenye lugha wenyewe, ambao wanaujua mpaka wa maneno hayo kwa kuuvuka kila siku. Kwa ufundishaji, pendekezo letu ni fupi zaidi: mwalimu wa Kiingereza mjini Bunia aanze somo la neno refu kwa kitenzi cha Kiswahili ubaoni, na awaache wanafunzi wake wakikate wenyewe, mara ya kwanza kwa silabi na mara ya pili kwa mofimu. Wakiisha kuona kwamba vipande havilingani, nusu ya somo la Kiingereza itakuwa imekwisha kufundishwa.